Nywele Zangu Hazikuwa Ngumu, Kitana Ndicho Kilikuwa Kibaya

Kwenye shule niliyosoma, kama ilivyo kwa shule nyingi za serikali hapa Tanzania, msichana hakuruhusiwa kufuga nywele. Nikafika miaka 19 sijawahi kuchana kichwa changu mwenyewe. Nilipomaliza kidato cha sita nikaziacha zikue, nikanunua kitana cha kwanza nilichokiona kwa mmachinga, cheusi, meno yamebanana, na vita vikaanza.

Kila asubuhi nilichana nywele kavu kuanzia shinani, machozi yakinilengalenga. Siku nyingine jino la kitana lilibaki kichwani. Kila aliyeniona alisema neno moja: "Nywele zako ngumu, tia dawa." Nikatia. Zikakatika upande mmoja, juu ya sikio, nikanyoa zote nikaanza upya.

Aliyenifumbua macho ni bibi yangu wa Tanga. Alichukua kile kitana, akapitisha ukucha katikati ya meno mawili, kisha akanipa. "Hebu pitisha na wewe." Kulikuwa na kijistari kikali ndani ya kila jino. Vitana vingi vya plastiki hutengenezwa kwa kalibu ya vipande viwili, na pale vipande vinapokutana hubaki ukingo. Usipolainishwa, ukingo huo unaukwangua unywele kila unapopita. Tangu siku ile sinunui kitana bila kukipima kwa ukucha, muuzaji anune asinune. Nakipitisha pia nyuma ya kiganja. Ncha zikinikwaruza, narudisha.

Jambo la pili ni upana wa meno. Nywele za kipilipili zimejikunja, kwa hiyo mafuta ya ngozi ya kichwa hayafiki nchani, na kila kona ya unywele ni mahali pa kukatikia. Mimi natumia chanuo lenye nafasi ya karibu nusu sentimita baina ya jino na jino. Nalowesha nywele kwa maji, napaka kondishena au mafuta ya nazi, nagawa kichwa mafungu manne, naanzia nchani na kupanda taratibu mpaka shinani. Nikikuta fundo, nalifungua kwa vidole kwanza. Wenye nywele za singa wasiniige hapo: zao zikilowa chapa hunyumbuka na kukatika upesi, heri wasubiri zikauke kidogo. Kitana cha meno madogo kimebaki kwa chawa, na kile chenye mkia ni cha msusi, cha kupasulia mistari.

Chanuo la mti nalipenda kuliko yote, maana halitii nywele umeme ule wa kuzifanya zisimame kama zimeona jini. Lakini usiliroweke. Mti hunywa maji, ukavimba, ukapasuka. Lifute kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo, likaushe kivulini, kisha lipake tone la mafuta ya nazi. La bibi lilimkuta mama yangu msichana, na mpaka leo limepungua jino moja tu.

Burashi situmii sana, labda kulaza nywele za pembeni nikifunga kishungi. Neno moja tu kwa Waislamu wenzangu: burashi ikiandikwa "boar", hizo ni nywele za nguruwe. Soma kibandiko kabla hujaiweka kichwani. Na ile yenye kimto cha mpira usiizamishe majini. Maji huingia kwenye kitundu cha hewa, ndani kukaota ukungu. Isugue kwa mswaki wa zamani, uilaze meno yakitazama chini ili maji yasiingie ndani.

Vitana vya plastiki naviosha kila Jumamosi. Kwanza natoa nywele zote, kisha navilaza kwenye maji ya vuguvugu yenye shampuu kwa dakika 20, nasugua, nasuuza. Ule uji wa kijivu unaotoka ni mafuta, mba na vumbi, ndiyo tunaojirudishia kichwani baada ya kuoga. Nyumba ikiingia chawa, maji yawe ya moto hasa, nyuzi 54 au zaidi, kwa dakika 5 hadi 10.

Kuazimana vitana nilikuwa nakuchukulia mzaha mpaka mtoto wa jirani aliporudi kutoka saluni, na baada ya muda kichwa kikatoa mapunye. Hatukujua kama ni kitana, taulo au mashine, kwa kuwa vyote vinaweza kuambukiza. Mama yake alihangaika na krimu za dukani bila nafuu. Hospitali wakampa vidonge, kwa sababu fangasi wa kichwani huingia mpaka kwenye shina la unywele ambako krimu haifiki. Mtoto akanyolewa, nami nikatia maji kama wahenga walivyosema: nikamnunulia binti yangu chanuo lake la 2,000, nikaliandika herufi ya jina lake kwa rangi ya kucha.

Msusi wetu alinuna mara ya kwanza tulipolitoa kwenye mkoba. Siku hizi, kabla hajamkalisha mtoto kwenye kigoda, yeye ndiye anayeuliza: "Chanuo lenu mmekuja nalo?"