Kamera ya Kupigia Picha Sarafu za Kale: Nilichojifunza kwa Heller Moja ya 1913

Miaka kadhaa iliyopita mkusanyaji mwenzangu aliniomba picha ya heller yangu ya mwaka 1913, ile sarafu ndogo ya shaba ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, kwa sababu alitaka kujua kama ilitengenezwa Berlin au Hamburg. Tofauti yake ni herufi moja tu: A ni ya Berlin na J ni ya Hamburg, nayo ni ndogo kuliko punje ya mtama. Nilipiga picha kwa flashi ya kamera, nikaituma, naye akanijibu kwa upole: “Ndugu yangu, hii umeisugua?” Sikuwa nimeisugua hata kidogo. Flashi ndiyo iliyomwaga doa jeupe katikati ya sarafu, ikafuta herufi na ile rangi ya kahawia iliyochukua zaidi ya miaka mia moja kujijenga.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa zaidi. Badala ya kujiuliza kuhusu mwanga, nilikwenda Kariakoo nikanunua kamera yenye megapikseli nyingi kuliko ile ya kwanza, na nilipofika nyumbani nikapata doa lilelile, ila safari hii lilionekana kwa ufasaha zaidi. Kwa hiyo ukiniuliza leo ununue kamera gani kwa ajili ya sarafu, nitakujibu kwamba swali hilo ni la nne. La kwanza ni taa, la pili ni stendi, la tatu ni lenzi, na fedha itakayobaki ndiyo ya kamera.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Chukua kamera ya zamani kama Canon EOS 600D, ambayo kihisi chake, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea picha, kina upana wa milimita 22.3 na kimo cha milimita 14.9, na inatoa megapikseli 18. Lenzi ya milimita 18-55 inayouzwa pamoja nayo, ukiivuta hadi 55 na kuisogeza karibu kadiri inavyoweza kulenga, inaiweka sarafu juu ya kihisi kwa takribani theluthi moja ya ukubwa wake halisi. Shilingi ya zamani ya Afrika Mashariki yenye simba ina kipenyo cha karibu milimita 28, hivyo itachukua zaidi ya pikseli 2,000 kutoka ukingo hadi ukingo. Heller, yenye milimita 20, itapata takribani 1,500. Hizo zinatosha kabisa kwa picha ya kuonyesha mtandaoni, na hata kwa kuchapisha kwenye karatasi ya ukubwa wa kiganja. Kamera hiyo haikukosa kitu. Aliyekosa ni mpigaji.

Unaponunua kamera iliyotumika, angalia mambo machache tu. Iwe na uwezo wa kupangwa kwa mkono bila kutegemea mpangilio wa kujiendesha, na iweze kuunganishwa na kompyuta kwa waya ili uione sarafu kwenye skrini kubwa kabla ya kupiga. Kwa Canon nyingi kuna programu ya EOS Utility, ambayo haina malipo. Wenye Nikon na kompyuta ya Windows wanaweza kutumia digiCamControl, nayo ni ya bure. Kulenga kupitia skrini ya kompyuta, huku umeikuza sehemu ya tarehe mpaka ijaze kioo, ndiko kulikoniongezea ukali wa picha kuliko pesa yoyote niliyowahi kutoa. Kwa sisi wa pwani kuna jambo jingine: kabla hujalipa, ivue lenzi, iangalie huku tochi ya simu ikimulika kutoka upande wa pili. Ukiona kitu kama utando wa buibui ndani ya kioo, huo ni ukungu unaoletwa na unyevu, nao haufutiki kwa kitambaa. Irudishe, hata kama muuzaji anakuapia kwamba ni vumbi.

Lenzi ya makro, yaani ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ndiyo itakayokufaa muda mrefu. Mimi natumia Micro-Nikkor ya milimita 55 ya zamani, ambayo haina umeme wowote ndani yake na inalengwa kwa kuzungusha pete kwa mkono. Inafikia nusu ya ukubwa halisi, kiasi kinachotosha shilingi kujaza karibu kimo chote cha kihisi. Kwa sarafu ndogo zaidi naongeza pete ya kurefushia kati ya lenzi na kamera. Kwenye Nikon nyingi za bei nafuu lenzi ya aina hii huzima kipimo cha mwanga, lakini sarafu haikimbii, unapiga, unatazama, unarekebisha. Anayeanza na Canon atafute ile ya 60 ya makro au ya 100. Kama uwezo upo, mimi ningechagua ya 100, si kwa sababu picha zake ni bora sana kuliko za 60, bali kwa sababu inakaa mbali zaidi na sarafu, na nafasi hiyo ndiyo unayopitishia mwanga. Vile vioo vya bei rahisi vinavyofungwa mbele ya lenzi ili ikuze, viache. Katikati panakuwa pakali na maandishi ya ukingoni yanayeyuka.

Kuhusu tundu la lenzi, wengi wetu tulifundishwa kwamba f/22, yaani tundu dogo sana (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), hufanya kila kitu kionekane vizuri. Kwa sarafu si kweli. Tundu likiwa dogo mno mwanga hutawanyika na picha nzima hulegea, na kadiri unavyokuza ndivyo hali inavyozidi: kwa nusu ya ukubwa halisi, f/8 inafanya kazi kama f/12. Baki kati ya f/5.6 na f/8, weka ISO (wepesi wa kihisi kupokea mwanga) kwenye 100, na utumie kipima muda cha sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise kamera.

Stendi yangu ilikuwa ya mashine ya kukuzia picha, kutoka studio ya zamani iliyokuwa inasafisha picha za filamu na ikafungwa. Ni ubao mzito wenye nguzo moja na mkono unaopanda na kushuka. Niliondoa kichwa cha mashine, nikafunga kamera ikitazama chini. Stendi ya miguu mitatu pia inawezekana, ila miguu yake hukaa palepale unapotaka taa ikae. Ili kuhakikisha kamera haijainama, weka kioo kidogo cha kujitazamia mahali pa sarafu, kisha tazama kwenye skrini mpaka uone lenzi yenyewe inakutazama. Duara lake jeusi likiwa katikati kabisa ya picha, basi kamera na ubao viko sambamba. Likiwa pembeni, sarafu yako itakuwa kali upande mmoja na ukungu upande mwingine, na utailaumu lenzi bure.

Sasa taa, ambako ndiko kazi ilipo. Sarafu ni kioo kilichochongwa: unachopiga picha si chuma tu, ni mwakisi wa kile kinachoimulika. Mimi natumia taa mbili za mezani zenye shingo ya kupinda na balbu za LED zinazofanana, ambazo kasha lake linaonyesha CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uhalisia) ya 90 au zaidi. Fikiria sarafu ni uso wa saa. Weka taa moja kwenye saa nne (penye namba 10) na nyingine kwenye saa nane (penye namba 2), ziwe juu karibu na lenzi, kisha uzisogeze kidogo kidogo huku macho yako yakiwa kwenye skrini. Kwenye shilingi za Mfalme George V za miaka ya 1920, ambazo robo tu ya uzito wake ndiyo madini ya fedha, taa ikishuka chini mno manyoya ya simba yanageuka mistari myeusi na kila mkwaruzo unapiga kelele. Ikipanda mno, simba anakuwa bapa kama muhuri uliokauka wino. Katikati ya hali hizo kuna mahali ambapo manyoya yanasimama na milima iliyo nyuma yake inabaki laini. Ukipapata, weka alama ya chaki mezani.

Shaba haitaki mwanga mkali wa moja kwa moja. Kwa heller na zile sarafu za zamani zilizoitwa pesa (inapendeza kwamba neno letu “hela” linatokana na heller) naweka karatasi nyembamba ya trasi, ile ya kunakilia michoro, mbele ya balbu, na rangi ya kahawia hurudi. Kwa sarafu inayong’aa kama kioo, tumia kipande safi cha kioo cha dirisha kilichoinamishwa nyuzi 45 kati ya lenzi na sarafu, na taa moja imulike kioo hicho kutoka ubavuni, ili mwanga ushuke wima juu ya sarafu na kurudi moja kwa moja kwenye lenzi. Vyovyote utakavyofanya, funga pazia. Mwanga wa dirishani ukichanganyika na wa balbu, fedha inakuwa na bluu upande mmoja na njano upande wa pili, na hakuna programu itakayoitengeneza vizuri. Kisha piga karatasi nyeupe kwanza chini ya taa hizohizo, ili kamera ijue nyeupe ni ipi.

Iinue sarafu juu ya kizibo kidogo, iwe sentimita kadhaa kutoka kwenye karatasi ya chini, na kivuli kitatoka nje ya picha. Kwa senti 10 za kikoloni zenye tundu katikati, kizibo kitaonekana tunduni, kwa hiyo ziinue kwa kipande cha bomba chembamba kuliko sarafu lakini kipana kuliko tundu.

Anayetumia simu asikate tamaa, ila asiisogeze simu mpaka iguse sarafu; ataziba mwanga wake mwenyewe. Arudi nyuma, atumie lenzi ya kuvuta kama simu inayo, na aiegemeze juu ya mkebe. Udhaifu wa simu ni kwamba huongeza ukali wa bandia, na chuma kilicholala vizuri kinaonekana kama kimepigwa msasa.

Na tafadhali, usiisafishe sarafu kwa ajili ya picha. Ndimu, majivu na dawa ya meno huondoa kilichokuwa na thamani, na kamera huonyesha mikwaruzo yake kwa uaminifu wote. Puliza vumbi kwa pampu ya mpira, ishike ukingoni, basi.

Ile heller niliipiga upya chini ya karatasi ya trasi, na herufi ikasomeka bila kubabaisha: J. Nilimtumia picha siku hiyo hiyo. Kumbe alikuwa anatafuta A.