Mdogo wangu, hiyo darsa ya hosteli ifute kabla hujapanda ndege

Umeuliza mambo mengi, ya chakula, nguo na kutuma pesa. Mimi nimekwama pale uliposema unakwenda kusoma Guangzhou, China, na boksi la juzuu, ufungue darsa chumbani na kuwakaribisha Wachina wa darasani kwako. Usithubutu!

Mimi alinipoteza wakala aliyenitafutia chuo. "China hawana habari na dini ya mtu, jiachie." Hela yangu kala, na mpaka leo anawaambia hivyohivyo watoto wa watu. China yenyewe kaiona kwenye chupa ya chai!

Tulikuwa tukikutana chumbani kwangu baada ya Isha, Watanzania, Wasomali na Wakomoro. Akaja kijana wa Kichina tuliyesoma naye, alitaka tu kujua kwa nini nafunga. Nikamwingiza na kwenye kundi letu la WeChat, ile WhatsApp ya Wachina. Haukupita muda, ofisi ya wanafunzi wa kigeni ikaniita, maongezi yetu yamechapishwa yako mezani. Ufadhili ukakatwa, mzee akauza shamba la Mkuranga kunilipia ada. Na mimi ni mgeni, nina kwetu. Yule kijana aliitwa na fudaoyuan, yule mlezi wao wa chuo, wazazi wake wakapigiwa simu. Baada ya hapo tukikutana kantini anageuza uso. Simlaumu hata kidogo, na hilo linaniuma kuliko shamba.

Kanuni za dini zilizoanza kutumika Februari 2018 zinakataza shughuli za dini kwenye vyuo vya kawaida. Mgeni anaruhusiwa kuswali kwenye msikiti uliosajiliwa, haruhusiwi kuwalingania raia. Na tangu Machi 2022, mafundisho ya dini mtandaoni yanataka kibali. Kwa hiyo shika hili moja: ibada ya pamoja iwe msikitini tu, na Mchina usimwalike wewe.

Swala yangu ya peke yangu chumbani hakuna aliyewahi kuniuliza. Ijumaa nenda msikiti wa Xianxian, karibu na bustani ya Yuexiu. Utawakuta Wahui, yaani Waislamu wa Kichina, Waarabu na Waafrika wamejaa mpaka uani, na Kiswahili utakisikia.

Chakula, tafuta kibao cha qingzhen, ndiyo halali kwa Kichina. Migahawa ya tambi za Lanzhou iko mitaa mingi.

Beba msahafu wako mmoja. Kama boksi umeshalipakia, lishushe leo.