Funguo nilikabidhiwa, watu sikukabidhiwa

Siku ya makabidhiano nilipewa funguo kumi na moja kwenye pete moja ya waya, daftari la mali na mhuri wa maktaba. Tukapita chumba kwa chumba na mwenzangu aliyekuwa anaondoka, nikisaini kila ukurasa. Meza za kusomea 14, sawa. Feni ya dari isiyozunguka, imeandikwa. Kabati la kadi lenye droo iliyokwama, limeandikwa. Wafanyakazi sita waliokuwa wamesimama kaunta wakitutazama hawakuwa kwenye ukurasa wowote. Nilipouliza habari zao nikajibiwa, "Utawazoea tu."

Nilikuwa na miaka 32. Nilisomea ukutubi Bagamoyo, kisha nikaorodhesha vitabu Dar es Salaam kwa miaka saba, na kazi hiyo naweza kusema niliimudu. Nikarudi Tabora nilikozaliwa kuwa mkuu wa maktaba ya chuo kimoja binafsi. Leo ni mwaka wa tano. Mwezi uliopita dada mmoja niliyesoma naye kapewa maktaba kule Kigoma, akanipigia simu usiku, sauti inamkwama. Maneno niliyompa kwenye simu yalikuwa machache, muda wa maongezi ukaisha. Haya ndiyo niliyotaka kumwambia.

Kwanza, salamu. Kati ya wale sita, watatu walinizidi umri na mmoja ni rika la baba yangu. Wiki ile ya kwanza mkuu wa idara nyingine alinishauri nisimwamkie mtu aliye chini yangu, eti nitashindwa kumtuma. Nilimsikiliza siku mbili. Siku ya tatu nilimkuta mzee wa watu anafagia majani ya mwembe mlangoni, nikampita na "habari za asubuhi" kavu, na hatua kumi mbele miguu ikakataa. Nikarudi. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Tangu siku hiyo sijaona shikamoo ikinipunguzia mamlaka hata chembe. Watu wetu wanajua kubeba heshima ya umri na amri ya kazi kwa pamoja, wamelelewa hivyo. Unachotakiwa ni kusema wazi. Mimi husema, "Mzee, naomba rafu za namba 300 zipangwe kabla ya saa sita." Naomba ipo, na saa sita ipo. Ukiacha "naomba" peke yake, ombi linabaki hewani na jioni utamlaumu mtu ambaye hukumwambia unataka nini.

Sasa nieleze kosa langu kubwa, maana humo ndimo nilimojifunza karibu kila kitu.

Maktaba yetu inapanga vitabu kwa mfumo wa Dewey, unaokipa kila kitabu namba kulingana na mada yake. Fasihi ya Kiswahili inakaa 896.392. Nilikuta rafu hiyo ina mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la pili, huku katalogi ikionyesha vitabu vipo. Nikavikuta chini ya kaunta, kwenye maboksi ya karatasi za fotokopi, vimepangwa kwa utaratibu usiofanana na chochote nilichofundishwa: vya muhula huu mbele, vya muhula ujao nyuma, na vilivyolegea jalada vimefungwa kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Aliyepanga ni mzee wetu huyo huyo. Alianza hapo kama mlinzi, akahamishiwa kaunta, na alikuwa na miaka 19 kazini.

Sikumuuliza. Nilimwita kijana wetu nikamwambia vitabu vyote virudi kwenye rafu kwa namba zake, leo hii. Mzee alikuwa amesimama palepale. Akasema, "Sawa, mama," akachukua kitambaa akaenda kufuta vumbi madirishani.

Ile "sawa, mama" niliielewa baadaye. Mtu mzima hakubishii mbele ya vijana. Akikukubalia haraka mno, ujue kuna neno amelimeza, na neno hilo huenda ndilo ulilokuwa unalihitaji.

Wiki tatu baadaye mitihani ikakaribia. Mwanafunzi akaja kulalamika kwamba tamthilia aliyopangiwa kusoma haipo. Haikuwa imeazimwa. Tulikuwa na nakala sita. Mbili tukazipata nyuma ya ensaiklopidia, zimefichwa na mtu aliyetaka kuwa nazo peke yake. Moja ilikuwa imekatwa kurasa kwa wembe, kuanzia onyesho la pili hadi la nne, kingo zimenyooka kama zimepimwa kwa rula. Tatu hatujaziona mpaka leo.

Miaka yote hiyo mzee alikuwa anawapa wanafunzi vitabu hivyo kwa saa mbili mbili, kitambulisho kinabaki kwake, na anamjua kwa sura kila aliyechelewa. Ranganathan, yule mkutubi wa India aliyeandika kanuni tano za maktaba mwaka 1931, kanuni yake ya nne inasema: okoa muda wa msomaji. Nilifanya mtihani wa kanuni hiyo chuoni nikapata alama nzuri. Aliyekuwa akiitekeleza ni mzee, na mimi ndiye niliyemzuia.

Jioni ile nilienda kukaa kwenye stuli ya upande wake wa kaunta. Nikamwambia, "Mzee, nimekosea, na vitabu vimepotea kwa sababu yangu. Naomba unieleze ulivyokuwa unafanya." Hakunijibu mara moja. Alimaliza kugonga mihuri ya tarehe kwenye vitabu vilivyorudishwa, akafunga kidau cha wino, ndipo akaanza. Tulizungumza mpaka adhana ya magharibi. Kesho yake maboksi yakarudi chini ya kaunta, na kwenye kompyuta tukaandika kila kitabu cha humo kwamba kinakaa kaunta, ili anayetafuta asihangaike rafuni.

Toka hapo nina swali moja ninaloliuliza kabla ya kugusa jambo lolote nililolikuta: "Hiki kilianzaje?" Nakushauri ulichukue. Ukisema "kwa nini mnafanya hivi," mtu anaanza kujitetea. Ukiuliza kilianzaje, anakusimulia, na katika kusimulia anakupa sababu, anakupa na majina ya waliojaribu njia nyingine wakashindwa.

Swali hilo pia linafichua yasiyo na sababu. Nilipouliza daftari la faini lilianzaje, nani anapokea, nani anaandika, nani anahesabu, jibu lilikuwa mtu mmoja kwa yote matatu, na risiti hazitolewi. Lakini niliuliza nikiwa na mwaka mzima pale, nimechelewa. Hesabu zilipokataa, nilitaka aondoke siku hiyo hiyo. Afisa utumishi ndiye aliyenizuia. Alinisomea Kanuni za Utendaji Bora, zile za Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007: mtu anaandikiwa tuhuma zake kwa lugha anayoielewa, anapewa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48 kabla ya kikao, anaruhusiwa kuja na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake, na anasikilizwa. Tukafuata yote. Mwisho wake aliondoka, na wiki ile sikulala vizuri, kwa sababu nilimjua mkewe na wanawe. Sehemu ya kosa naihesabu yangu. Nilimwachia mtu mwenye mshahara mdogo droo ya fedha bila jicho la pili kwa miezi kumi na miwili. Siku hizi risiti zina nakala, anayepokea si anayehesabu, na kila Ijumaa wanasaini wawili. Fanya hivyo wiki yako ya kwanza, kabla hujashuku mtu yeyote, ili isije ikaonekana umemlenga mtu.

Kuhusu kukosoa: usimkosoe mtu kaunta. Nilifanya hivyo mara moja tu, kwa mama mmoja aliyeazimisha kitabu cha rejea kisichotakiwa kutoka. Nilisema kwa sauti ya kawaida, wala sikufoka, lakini kulikuwa na wanafunzi wanane kwenye foleni. Kwa mwezi mzima baadaye alikuwa akiniletea kila kitabu kilicho na utata niamue mimi. Wengine wakadhani amekuwa makini. Alikuwa ameogopa, na msomaji mlangoni anasubiri. Ilibidi nimwombe radhi, na kuomba radhi nako nilifanya mbele ya wenzake, kwa kuwa aibu aliipata mbele za watu.

Kukaa kimya nako kunaumiza, na hili niliona kwa kijana wetu wa zamu ya asubuhi. Tunafungua saa 2. Daftari la mahudhurio lilikuwa linaniambia saa 2:20, saa 2:35, saa 2:25. Nilinyamaza miezi miwili nikijiambia atajirekebisha, huku moyoni nakusanya. Siku nilipomwita nilikuwa tayari na barua ya onyo kwenye droo, imeshachapwa. Kwa bahati nzuri nilimuuliza kwanza kulikoni. Mkewe alikuwa Sikonge akimuuguza mama yake, na yeye kila asubuhi anampeleka mtoto chekechea kwa baiskeli kisha anapiga pedali kuja kazini. Mlango wa chekechea unafunguliwa saa 2 kasorobo. Hesabu haikuweza kukubali, hata angekuwa na pikipiki. Tukambadilishia zamu na mwenzake, akawa anaingia mchana na kufunga usiku. Barua ile niliichana. Hasira yangu ya miezi miwili ilikuwa inahitaji maswali ya dakika tano.

Hapo ndipo nilipokaa na kalamu nikapiga hesabu ya zamu, jambo ambalo ningelifanya mwanzo. Chukua na wewe kalamu. Sisi tunafungua Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 asubuhi mpaka saa 2 usiku, hizo ni saa 60. Jumamosi saa 3 mpaka saa 8, saa 5. Jumla 65 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamwekea mfanyakazi kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Ukitaka watu wawili kaunta muda wote unahitaji saa 130, yaani karibu watu watatu kamili, na bado hujapanga rafu wala kukarabati kitabu. Kisha likizo: siku 28 kila mmoja. Wafanyakazi sita ni siku 168. Karibu miezi mitano na nusu ya mwaka kuna mtu mmoja hayupo, na hiyo ni kabla hajaugua mtu. Nilipoiandika hesabu hiyo kwenye karatasi ya manila na kuibandika ofisini, manung'uniko ya zamu yalipungua nusu, kwa sababu kila mmoja aliona mwenyewe kwamba akihama Jumamosi moja, kuna mwenzake anaibeba. Ratiba ya likizo sasa wanaipanga wao, mimi naisaini.

Misiba ina uzito wake. Sheria hiyo inatoa angalau siku 4 za malipo akifa mwenza, mzazi, babu au bibi, mtoto, mjukuu, kaka au dada. Mjomba hayumo. Shangazi hayumo. Nani hapa kwetu atakaa kaunta anagonga mihuri mjomba wake akizikwa Nzega? Mara ya kwanza nilijibu kama sheria ilivyo, na mama aliyekuja kuniomba ruhusa akaondoka ofisini kwangu bila neno. Sikupenda nilivyojiona siku ile. Sasa tuna utaratibu wa kubadilishana: anayeenda msibani anashikiwa zamu na mwenzake, wanaandikiana, atairudisha ndani ya mwezi. Na mimi naingia kaunta kama watu hawatoshi. Sheria ni kiwango cha chini, hakuna aliyekukataza kuongeza.

Kuna jambo moja lilinichukua muda mrefu kuliko yote. Niliendelea kuorodhesha vitabu mwenyewe. Maboksi ya vitabu vipya yalikuwa chumba cha nyuma, na kila nilipochoka na watu nilikimbilia huko, maana kitabu hakinuni. Mwaka wa pili kijana wetu, yule wa baiskeli, akaniuliza kama anaweza kujaribu. Rekodi zake za kwanza zilikuwa na makosa mengi. Kitabu cha ufugaji nyuki alikipeleka kwenye wadudu, 595, badala ya 638, na huu ni mkoa wa asali, wanafunzi wanakitafuta. Nilitamani kumnyang'anya kinanda. Nikamwambia aende akamuulize mzee wasomaji wa kitabu hicho huwa wanatokea rafu gani. Akaenda. Wamekuwa wakiulizana hivyo tangu siku ile, huyu anamfungulia mwenzake kompyuta, yule anamweleza nani anasoma nini.

Mzee anastaafu mwakani. Mwaka huu alipokwenda likizo yake ya siku 28, alimwachia kijana daftari la kurasa 96. Alikuwa akisema na kijana akiandika, jioni kwa jioni, karibu miezi miwili. Nilisomewa kipande kabla hajaondoka: boksi la pili, kitabu chenye jalada la kijani, usimpe mtu Alhamisi mchana, darasa zima la mwaka wa kwanza litakifuata baada ya kipindi, kigawe kwa nusu saa. Ukurasa unaofuata umeandikwa majina yetu sote, na mbele ya kila jina siku ambayo mtu huyo hapendi kufunga usiku, na kwa nini. Jina langu limo, na sababu ni ya kweli, ingawa sijawahi kumwambia.