Maswali ya Wasomaji: Presha ya Oili Imeganda Juu

Swali: Mhariri, salamu kutoka Tanga. Tumeng'oa sensa ya zamani ya presha ya oili kwenye Rotax 912, injini ya ndege ndogo, tukafunga mpya yenye nyaya mbili, imeandikwa 4–20 mA (miliampea za mkondo), bar 0–10 (kipimo cha presha). Waya mmoja tumeupeleka kwenye chaneli ya kifaa cha kufuatilia injini, mwingine kwenye ethi (upande wa hasi). Skrini imeganda juu kabisa hata injini ikiwa imezimwa. Sensa ni mbovu?

Jibu: Ndugu fundi, usiitupe. Ile ya zamani ilikuwa rezista inayobadilika, takriban omu 10 (kipimo cha ukinzani) kwenye bar 0 na omu 180 kwenye bar 10. Hii mpya hutoa mkondo, nayo haifanyi kazi bila umeme wake. Chaneli yenu bado imepangwa kwa omu, na rezista yake ya ndani inaipandisha chaneli hadi karibu volti 5. Kifaa kinasoma hapo kama presha ya juu.

Pelekeni volti 12 kwenye waya chanya wa sensa kupitia fyuzi ya ampea 1. Waya wa pili uingie kwenye chaneli, na kati ya chaneli na hasi ya kifaa fungeni rezista ya omu 220, yenye usahihi wa asilimia 1. Wengi hutumia 250, lakini hiyo hufika volti 5 kamili, mwisho wa chaneli, bar zikiwa 10, na shoti haitaonekana. Kwenye menyu chagueni volti, mzime ile rezista ya ndani, kisha wekeni nukta mbili: 0.88 V ni bar 0, 4.40 V ni bar 10. Chini ya 0.5 V iwe tahadhari ya waya kukatika, isisomwe kama bar 0. Someni pia karatasi ya sensa mjue volti ya chini inayoitaka.

Kabla ya kuwasha injini, toeni sensa mweke rezista ya omu 1,000 mahali pake. Betri ikiwa 12.0 V, skrini isome kama bar 3.6; ikiwa 12.5 V, bar 3.9. Ikisoma tofauti sana, kosa liko kwenye menyu au kwenye rezista. Mipaka ya injini hiyo: kawaida bar 2 hadi 5, isishuke chini ya 0.8 injini ikizunguka chini ya mizunguko 3,500 kwa dakika, na 7 ni ya muda mfupi tu injini ikiwa baridi. Kazi isainiwe na injinia mwenye leseni.

Swali: Joto la oili hupanda kila tukiwasha taa ya kutua. Kwa nini?

Jibu: Ethi. Sensa ya joto hupata hasi kupitia mwili wa injini, na upepo wa bahari hapo kwenu hula vichwa vya nyaya hadi viwe kijani. Wekeni multimita kwenye milivolti, kati ya injini na hasi ya kifaa, muwashe taa. Namba ikiruka, sugueni viungo na mbadilishe waya mnene wa injini kwenda betri. Msirekebishe menyu kuficha tofauti hiyo, kwa sababu taa ikizimwa mtasoma joto pungufu.