Jezi ya Baridi ya Mikono Mirefu: Tazama Jasho Kabla ya Joto

Wengi wanapokwenda kununua jezi ya baiskeli ya kuvaa kwenye baridi huishika, huibinya kwa vidole, kisha huondoka na ile iliyo nene kuliko zote. Siwalaumu. Dukani huna jasho na hakuna upepo unaokupiga, kwa hiyo kitambaa kizito chenye manyoya laini ndani kinakubembeleza na kukushawishi. Utaijua tabia yake barabarani, pale mlima utakapokutoa jasho kwa nusu saa nzima na mteremko ukaanza ghafla. Nimeendesha kwenye baridi kwa miaka, na jezi ninazozivaa mpaka leo ni zile zinazokauka upesi. Zile nene zimebaki kabatini, nazichukua nikiwa natembea kwa miguu.

Sababu iko mwilini. Katika nguvu yote unayoitumia ukiwa juu ya baiskeli, kama robo tu, mara nyingi pungufu ya hapo, ndiyo inayofika kwenye pedali. Iliyobaki inageuka joto. Anayepanda mlima kwa wati 200 anazalisha joto la wati 600 na zaidi, na lazima limtoke kwa njia fulani. Kileleni anaacha kukanyaga, joto linakatika, na papo hapo mwendo wake mwenyewe unageuka upepo. Hewa ikiwa nyuzi 5 nawe unakwenda kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi inasikia baridi ya nyuzi sifuri, hata kama hakuna jani linalotikisika. Sasa ongeza fulana iliyolowa. Maji hubeba joto la mwili kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia, na ndiyo maana mtu aliyekuwa akihema kwa joto kileleni anafika chini meno yakigongana.

Kwa hiyo jezi nina maswali mawili ya kuiuliza: inatoa jasho kwa kasi gani, na inakata upepo wapi?

Tuanze na kitambaa. Jezi nyingi za aina hii ni poliesta iliyochanganywa na uzi unaovutika, na upande wa ndani umesuguliwa ukatoa vinyweleo vifupi. Vinyweleo hivyo vinashika hewa, na hewa iliyoshikwa ndiyo inayokupa joto. Uzi wenyewe haufanyi kazi kubwa. Poliesta hainyonyi maji, haifiki hata asilimia 1 ya uzito wake, hivyo jasho linapita juu ya nyuzi hadi nje na kuondoka na upepo. Geuza jezi ndani nje uitazame vizuri. Ukiona vinyweleo vimejaa kila mahali kama blanketi, hiyo ni ya mwendo wa taratibu au ya siku kavu zenye baridi kali. Ukiona vimepangwa kwa vijiraba vidogo vyenye mifereji katikati, umepata kitu. Vijiraba vinagusa ngozi na kushika hewa, mifereji inapitisha mvuke. Mimi nikikuta mpangilio huo tayari nimeshawishika nusu, kabla hata sijatazama rangi.

Sufu ya kondoo wa merino ina wafuasi wake, nami ni mmoja wao kwa masharti. Nyuzi zake zinaweza kumeza mvuke karibu theluthi ya uzito wake kabla hujasikia umelowa, na ikiwa na unyevu bado inakupa joto. Halafu hainuki. Unaweza kuivaa safari za siku kadhaa mfululizo na watu wakaendelea kukaa karibu nawe, jambo ambalo mwenye poliesta hawezi kujivunia. Lakini ikishalowa kabisa inachukua muda mrefu kukauka, na sehemu zinazosuguliwa na mkoba hupukutika mapema. Kwa safari ndefu za mwendo wa wastani, merino au mchanganyiko wake. Kwa anayepanda milima kwa nguvu, poliesta. Pamba iache nyumbani, hata ile fulana ya ndani unayoipenda. Inanyonya jasho na kukaa nalo.

Upepo ndio mahali wauzaji wanapokuchanganya. Kuna jezi zenye utando mwembamba uliobandikwa ndani ya kitambaa, upepo haupiti kabisa. Na kuna za kufumwa tu, zinazopitisha kiasi. Kujua unachoshika, huhitaji lebo: weka kitambaa mdomoni, upande wa pili weka kiganja, puliza. Pumzi isipofika kiganjani, kuna utando. Mimi nataka utando mbele, yaani kifuani, tumboni na sehemu ya mbele ya mikono, na nyuma pawe pa kufumwa kawaida. Mgongoni hakuna upepo wa kuzuia, kwa hiyo utando ukiwekwa huko kazi yake inakuwa kuchemsha mtu. Wazee wa mchezo huu walilijua jambo hili kabla nyuzi hizi hazijavumbuliwa: kileleni walipokea magazeti kutoka kwa watazamaji, wakayasokomeza kifuani chini ya jezi, ndipo wakateremka.

Siku iliyobadilisha soko la nguo hizi wengi tunaikumbuka. Machi 2013 mbio za baiskeli za Milan–San Remo, kule Italia, zilikumbwa na theluji, hata waandaaji wakawapakia waendeshaji kwenye mabasi kuwavusha kipande cha njia. Waliokuwa na jezi ya Gabba ya kampuni ya Castelli, kitambaa kinachovutika na bado kinakata upepo, walionewa wivu. Baadhi yao walikuwa wa timu zinazovalishwa na kampuni nyingine, wakafunika nembo kwa wino mweusi ili wasigombane na wadhamini wao. Sasa karibu kila kampuni ina toleo lake la wazo hilo, na ukiendesha kwenye manyunyu na upepo ndiyo aina ya kutafuta. Ila ujue inapumua kidogo kuliko jezi ya kawaida ya baridi. Anayetoka jasho sana atalowa kutoka ndani badala ya nje.

Sasa kipimo cha mwili, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapotea. Jezi ya baiskeli haijaribiwi mtu akiwa amesimama wima. Ukisimama wima mbele ya kioo, jezi iliyoshonwa vizuri itaonekana ina kasoro: mbele fupi, nyuma inaning'inia, kifuani imekunjamana, mikono inafika mpaka kwenye vifundo vya vidole. Usiirudishe kwenye henga bado. Inama kama uliyeshika usukani, nyoosha mikono mbele, kaa hivyo dakika nzima. Mikunjo ya kifuani itapotea. Mkono wa jezi utarudi nyuma, na ukisimama pale pale kwenye kifundo cha mkono, juu ya glavu, sawa. Ukiacha ngozi wazi hata upana wa kidole, upepo utaingia hapo na kupanda hadi kwenye kiwiko. Peleka mkono nyuma uguse kiuno. Pindo liwe limefunika kiuno chote, na lastiki yake yenye vijistari vya silikoni iwe imeshika bila kukata.

Ijaribu ukiwa umevaa fulana ya ndani utakayoendeshea. Jezi inayokubana sana inavilaza vile vinyweleo, na hewa niliyoitaja inakosa pa kukaa, kwa hiyo unalipia joto usilolipata. Ikiwa kubwa, inapepea, na kila inapopepea inasukuma hewa ya joto nje na kuvuta ya baridi ndani. Angalia hasa kwapani na tumboni. Hapo ndipo ziada hujificha. Ukiwa kati ya saizi mbili, chukua ndogo kama mikono inatosha, la sivyo tafuta kampuni nyingine. Miili haifanani, na kushindwa kuingia kwenye mkato wa mtu fulani si kosa la mwili wako. Akina dada, msikubali kuambiwa saizi ndogo ya kiume inatosha: kifua na nyonga vinadai mkato wao, na pindo linalopanda mgongoni katikati ya safari ni kero isiyoisha.

Zipu inaonekana jambo dogo. Kwangu ndiyo kifaa cha kurekebisha joto kinachofanya kazi kuliko vyote, kwa hiyo nataka ifunguke hadi chini na iendeshwe kwa mkono mmoja wenye glavu. Mlimani naishusha hadi kifuani. Mita chache kabla ya kilele naipandisha. Kama kishikio chake ni kidogo kiasi kwamba lazima uvue glavu, hutaigusa na utalowa. Nyuma ya zipu pawe na kipande cha kitambaa kirefu kutoka shingoni hadi chini, maana upepo hupenya katikati ya meno na kukuchora mstari wa baridi katikati ya kifua. Juu kabisa pawe na kijifuko cha kufichia kichwa cha zipu kisikwaruze kidevu. Kola iwe ya kusimama, laini ndani, isikukabe unapogeuza shingo kutazama nyuma. Jaribu kugeuka hapo hapo dukani.

Mifuko mitatu mgongoni ni kawaida, wa nne wenye zipu kwa simu na funguo ni neema. Itie vitu vizito ujue kama jezi inavutwa chini. Alama za kuakisi mwanga ziwe mgongoni chini na kwenye mikono, kwa sababu msimu wa baridi giza huingia mapema na dereva anatakiwa auone mkono wako unapoonyesha unakata kona.

Kuhusu nyuzi joto, hiki ndicho kipimo changu, nawe ukirekebishe. Kati ya nyuzi 8 na 15, fulana ya ndani nyembamba na jezi ya baridi vinatosha. Chini ya hapo naongeza kizibao cha upepo kinachokunjika na kuingia mfukoni. Ikikaribia sifuri jezi hii inakuwa nguo ya katikati, chini ya jaketi. Watu wembamba na wanaoendesha taratibu wasogeze vipimo hivi juu kwa nyuzi kadhaa. Ukitoka mlangoni ukiwa umeshiba joto, umevaa kupita kiasi. Kibaridi cha dakika kumi za mwanzo ni cha kawaida, kinaondoka mwili ukichemka.

Ukishaipata, ifue kwa maji ya nyuzi 30 au ya baridi, imegeuzwa ndani nje, zipu imefungwa ili meno yasikwangue kitambaa. Dawa ya kulainisha nguo usiiguse: inaacha utando wa mafuta kwenye nyuzi, jasho linakosa njia, na jezi nzuri inageuka mfuko wa plastiki. Usiikaushe kwenye mashine ya joto, lastiki zitakufa. Ianike kivulini. Za merino zilaze bapa, kwani zikining'inizwa na maji mikono inarefuka. Na usiiache imefinyangwa kwenye begi baada ya safari, hasa ya poliesta. Harufu ikishakaa humo hata sabuni itaomba msaada, ingawa kuiloweka kwenye maji yenye siki nyeupe kidogo kwa nusu saa kabla ya kufua hupunguza sana.