Gitaa Unalolisikia Wewe na Lile Inalolisikia Maiki

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikimaliza kurekodi gitaa kavu (lisilotumia umeme), navaa hedifoni nisikilize, na moyo unanyong'onyea. Dakika chache kabla ya hapo gitaa lilelile lilikuwa limejaa utamu mapajani mwangu, kila uzi una nafasi yake. Kwenye rekodi limekuwa jembamba, kali, au linavuma kama mtungi. Nikailaumu maiki. Nikaazima nyingine ya ghali kuliko yangu, nayo ikanionyesha kasoro zilezile kwa uwazi zaidi.

Jibu nililipata siku nilipompa rafiki gitaa langu alipige, mimi nikakaa mbele yake. Karibu nisilitambue. Hapo nikaelewa kwamba mpigaji hukaa mahali ambapo hakuna msikilizaji mwingine anayekaa: juu ya gitaa na nyuma yake. Mgongo wa sanduku unatetema kifuani mwake, na sehemu kubwa ya ile besi anayoipenda inamfikia kwa kupitia mwili wake. Maiki haina kifua. Inapokea tu kile kinachopita hewani, tena mahali pamoja tu. Ukilikubali hilo, kazi yote ya kurekodi gitaa inakuwa kutafuta mahali hapo.

Kwa hiyo kabla sijaigusa stendi ya maiki, natafuta kwa sikio. Mwombe mtu apige wimbo mtakaourekodi, ziba sikio moja kwa kidole, kisha lisogeze lile jingine polepole mbele ya gitaa, kutoka kwenye daraja (pale nyuzi zinapofungwa juu ya sanduku) hadi kwenye shingo. Utashangaa jinsi sauti inavyobadilika ndani ya upana wa kiganja. Kama uko peke yako, rekodi nusu dakika katika kila sehemu, ukitaja kwa sauti maiki iko wapi, halafu sikiliza zote kwa mfululizo. Kazi hiyo inachosha, lakini inazaa kuliko saa tatu za kuzungusha vitufe baadaye.

Kosa la kwanza karibu kila mtu hulifanya: kuielekeza maiki kwenye tundu, kwa kuwa sauti inaonekana kutokea hapo. Tundu na hewa iliyomo sandukuni hufanya kazi kama chupa inayopulizwa mdomoni. Vina noti yao wenyewe, ambayo kwa magitaa makubwa huwa karibu na 100 Hz (mitetemo 100 kwa sekunde). Noti za jirani na hapo, kama ile G ya freti (kile chuma cha shingoni) ya tatu kwenye uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, zinaruka juu na kuzifunika nyingine. Ukiwa chumbani huoni tatizo. Kwenye rekodi, kila ukiigusa noti hiyo wimbo unajaa uvumi.

Mimi huanzia freti ya 12, umbali wa sentimita 25 hadi 30, maiki ikitazama kidogo kuelekea pale shingo inapoungana na sanduku. Hapo unapata mlio wa nyuzi na mwili wa mbao kwa pamoja. Huo ni mwanzo tu. Gitaa lako na mkono wako vina maamuzi yao. Na kumbuka kwamba maiki inayosikia upande mmoja huongeza besi kadiri unavyoisogeza karibu. Besi ikizidi, rudisha maiki nyuma sentimita tano kabla hujaikata kwa ikwalaiza (kifaa cha kupunguza au kuongeza besi na sauti za juu). Sauti ikiwa nyembamba, isogeze mbele. Maiki inayosikia pande zote haina tabia hiyo, hivyo unaweza kuisogeza karibu sana bila uvumi, ila itakuletea chumba chote pamoja na gitaa.

Kuna mahali pengine ambapo watu wachache hupajaribu: juu ya bega la kulia la mpigaji, karibu na sikio lake, maiki ikitazama chini kwenye gitaa. Kwa kuwa ndipo mpigaji anapolisikilizia gitaa lake, mara nyingi sauti ya hapo ndiyo aliyokuwa akiitafuta siku zote. Shida ni pumzi. Itabidi ajifunze kupumua kwa utulivu.

Hata hivyo maiki haiwezi kuokoa kile ambacho mkono haukutoa. Wapigaji wengi, mimi nikiwa mmoja wao kwa muda mrefu, hupiga kwa nguvu kupita kiasi wanapoona taa nyekundu ya kurekodi. Uzi uliopigwa kwa nguvu huanza juu kidogo ya noti yake, kisha unashuka. Pia hugonga freti na kutoa mkwaruzo. Punguza nguvu, pandisha geini (kiwango cha sauti inayoingia). Gitaa linalopigwa kwa upole na kurekodiwa kwa karibu husikika kubwa zaidi. Halafu chezea mahali pa mkono wa kulia: karibu na daraja sauti inakuwa kali, karibu na shingo inalainika. Hiyo ndiyo ikwalaiza ya kwanza. Piki (kile kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi) nyembamba, kama nusu milimita, huvuma vizuri kwenye nyimbo za kuchapa kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja. Kwa melodi natumia ya milimita moja au zaidi, kwa sababu ile nyembamba hutoa mlio wa plastiki kabla ya noti yenyewe.

Nyuzi mpya ni suala la aina ya wimbo. Kwa kuchapa kodi, nyuzi mpya zinang'aa na ndizo ninazozitaka. Kwa kudonoa kwa vidole, huzifunga siku moja au mbili kabla na kuzipiga mpaka ule ukali wa mwanzo uishe, maana nyuzi mpya zilizoviringishwa waya hupiga kelele kila kidole cha kushoto kinapoteleza juu yake. Dawa bora ya kelele hizo ni kuinua kidole kabisa kabla ya kuhama. Nyuzi za fosfa bronzi zina sauti yenye joto zaidi kuliko zile za bronzi ya 80/20 (shaba 80, zinki 20 kwa mia). Nyuzi za zamani sana, zilizofifia, sijawahi kuona kitufe cha kuzifufua.

Na tyuni kila baada ya kurudia wimbo, kila mara, hata kama unahisi liko sawa. Ukifunga kapo (kibanio cha shingoni), tyuni tena, kwa sababu hubana nyuzi na kuzipandisha. Gitaa lenyewe hupenda unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Mbao zikinyonya unyevu mwingi huvimba na sauti inazibwa.

Kuhusu chumba, nilipoteza muda mwingi kutundika mablanketi. Kitambaa chembamba hunyonya sauti za juu tu na kuacha matope ya chini palepale, hivyo gitaa linakuwa zito na lisilo na uhai. Magodoro mawili yaliyosimamishwa nyuma ya mpigaji na nyuma ya maiki yanasaidia zaidi. Kaa mbali na kona, maana besi hurundikana huko, na usikae katikati kabisa ya chumba. Sakafu ngumu chini ya gitaa, kwangu mimi, ni rafiki: inarudisha uhai kidogo.

Maiki mbili sizipendekezi kwa anayeanza. Sauti husafiri kama sentimita 34 kwa kila milisekunde, kwa hiyo maiki mbili zinazotofautiana umbali kwa sentimita 17 zitapokea mawimbi ya 1000 Hz kinyume, nayo hufutana. Ndiyo maana gitaa lenye maiki mbili wakati mwingine linasikika tupu kuliko lenye moja. Ukitaka stirio, weka vichwa vya maiki mbili pamoja kwa pembe ya digrii 90, kisha sikiliza kwa mono (kushoto na kulia vikiunganishwa). Kitu kikipotea, badilisha mahali. Na pikapu ya piezo, kile kihisi kilicho chini ya daraja, iache kwa ajili ya jukwaa: inahisi mgandamizo wa nyuzi, haisikii hewa hata kidogo.

Baada ya kurekodi, nafanya machache. Narekodi kwa biti 24, vilele vikifika karibu na desibeli -12, yaani 12 chini ya kikomo. Gitaa likiwa peke yake, nakata chini ya 80 Hz, kwa sababu uzi wa sita ukiwa wazi ni kama 82 Hz. Likiwa ndani ya bendi, nakata hata hadi 150 na kuiachia besi njia yake. Likisikilizwa peke yake hapo litaonekana limekonda. Usilisikilize peke yake. Kompresa (kifaa cha kushusha sauti zinazoruka juu) naiweka 2 kwa 1 au 3 kwa 1, nikiichelewesha kama milisekunde 30 ili mguso wa piki upite kwanza.

Kama wimbo unahitaji ukuta wa magitaa, piga mara mbili kwa kweli, moja kushoto na moja kulia. Kunakili rekodi ileile hakuongezi kitu isipokuwa ukubwa wa sauti. Mara ya pili badilisha umbo: kama ya kwanza ulipiga kodi ya G wazi, funga kapo freti ya tano na upige umbo la D.

Halafu ile kodi ya mwisho. Inapofifia, maiki huanza kusikia kila kitu: kiti, vifungo vya shati, na mlio wa metronomu unaovuja kwenye hedifoni. Zima metronomu kwenye mstari wa mwisho, acha mikono pale ilipo, na usubiri. Mimi huhesabu hadi kumi kimoyomoyo, kwa sababu uzi wa sita huwa bado unasema kitu hata nikifika nane.