Kihusishi Kilichojificha Ndani ya Kitenzi: Maswali Yenu kuhusu Kiingereza

Barua nyingi za mwezi huu zimegusa vihusishi vya Kiingereza, yaani “in”, “on”, “at”, “by”, “for”, “with” na wenzao. Tumechagua tano.

Wanafunzi wangu huandika “I need a chair to sit.” Nikiwaambia waongeze “on”, mwalimu mwenzangu anadai sentensi ya Kiingereza haifai kuishia kwa kihusishi. Nani yuko sahihi? Na mbona watoto wanaiacha hiyo “on” kila mara?
*Mwalimu wa shule ya msingi, Unguja*

Wewe uko sahihi, mwalimu. “A chair to sit on” ndiyo Kiingereza kamili.

Watoto wanaiacha kwa sababu Kiswahili kimekwisha kuwafanyia kazi hiyo ndani ya kitenzi. Chukua kitenzi kimoja tu, kuandika. Tunasema kalamu ya kuandikia, karatasi ya kuandikia, rafiki wa kumwandikia. Mara zote tatu ni ile ile -i- ya kauli ya kutendea, na msikilizaji anaelewa uhusiano kwa kutazama kitu kilichotajwa. Kiingereza hakina -i- hiyo. Kinadai neno la pekee, na kila uhusiano una neno lake: “a pen to write with”, “paper to write on”, “a friend to write to”. Mtoto akifika kwenye “write” anaona amemaliza, maana kwa Kiswahili angekuwa amemaliza kweli.

Kwa hiyo wafundishe kuanzia hapo hapo. Maji ni ya kunywa, kikombe ni cha kunywea. Panapokuwa hapana -i- wala -e- ya kutendea, Kiingereza nacho hakihitaji kitu: “water to drink”. Ilipo, lazima kihusishi kitafutwe: “a cup to drink from”. Ili kujua ni kihusishi gani, mwambie mtoto atunge kwanza sentensi nzima. “I drink from the cup” inatupa “from”. “I sleep on the bed” inatupa “a bed to sleep on”. “I cut the meat with a knife” inatupa “a knife to cut the meat with”. Kihusishi kilichokuwa mbele ya nomino hubaki palepale nomino inapohama. Kipimo hiki kina mwanya mmoja wa kuwatahadharisha nao: tunasema nyumba ya kuishi, bila -i-, lakini Kiingereza kinataka “a house to live in”.

Ama hilo la mwenzako, lina historia ndefu. Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimkosoa mwandishi wa tamthilia Ben Jonson kwa kumalizia kauli kwa “from”, na tangu hapo waalimu wengi wameligeuza kuwa sheria. Lakini hata mwanasarufi Robert Lowth, alipoandika mwaka 1762, alikubali kwamba ndivyo watu wanavyozungumza. Alichosema ni kwamba kukitanguliza kihusishi kunafaa zaidi maandishi mazito. Ushauri huo bado unafaa. Darasani na katika mazungumzo, “Who did you go with?” haina kosa lolote. Katika barua rasmi sana unaweza kuandika “the officer to whom I spoke”. Kilicho kosa katika hali zote mbili ni kukiangusha kabisa.

Nilimwandikia muuzaji wa Guangzhou “Please send the goods until 30 June.” Akauliza kama nataka mzigo utumwe kidogo kidogo. Nilikosea wapi?
*Mfanyabiashara, Kariakoo*

Ulipaswa kuandika “by 30 June”. Neno letu “mpaka”, sawa na “hadi”, linabeba maana mbili ambazo Kiingereza kimezitenga. “Until” ni ya jambo linaloendelea bila kukatika hadi muda fulani: “The shop is open until six.” “By” ni ya jambo linalotokea mara moja, wakati wowote kabla ya muda kwisha: “Bring the invoice by six.” Muuzaji wako aliposoma “send until” aliona kutuma kunakoendelea siku baada ya siku, na ndiyo maana akauliza vile.

Kabla ya kuandika, jaribu kuweka “kufikia” mahali pa “mpaka”. Mzigo utumwe kufikia tarehe 30: inakubali, basi ni “by”. Duka liko wazi kufikia saa kumi na mbili: haikubali, basi ni “until”. Kwenye ukanushi angalia sana. “I will not pay until Friday” maana yake hutalipa kabla ya Ijumaa.

Kwa kuwa ni pesa, ongeza haya. “Before Friday” huiacha Ijumaa yenyewe nje, ilhali “by Friday” huiweka ndani. Ukitaka pasiwe na ubishi hata kidogo kwenye mkataba, andika “on or before 30 June”. Na usichanganye “within 7 days” na “in 7 days”. Ya kwanza inaruhusu siku yoyote kabla ya siku 7 kwisha, ya pili kwa kawaida inasema siku hizo zikishapita. Mteja aliyeahidiwa “within” akapewa “in” ana haki ya kulalamika.

Mwalimu wetu amekata “discuss about”, “emphasise on” na “request for”, lakini ameacha “a discussion about” na “a request for”. Mbona hatuelewi msimamo wake?
*Mwanafunzi wa sekondari, Kakamega*

Mwalimu wako yuko thabiti kabisa. Anachotazama ni kama neno limetumika likiwa kitenzi au likiwa nomino. Kitenzi “discuss” hupokea yambwa, yaani kitu kinachotendwa, moja kwa moja: “We discussed the budget.” Nomino haiwezi kupokea yambwa, hivyo inahitaji daraja: “a discussion about the budget”. Ni hivyo hivyo kwa “emphasise the point” na “emphasis on the point”, “request a refund” na “a request for a refund”, “lack money” na “a lack of money”, “answer the question” na “the answer to the question”, “marry her” na “his marriage to her”. Waandike wawili wawili kwenye daftari, kitenzi kushoto na nomino kulia, wala usiwatenganishe.

“Enter” inastahili neno zaidi. Mtu “enters a room”, lakini pande mbili “enter into an agreement”. Mlangoni hakuna “into”, kwenye mkataba ipo.

Kuna pia kosa la upande wa pili, la kuacha kihusishi kinachotakiwa. Kiswahili husema kungoja basi, kusikiliza redio, kutafuta kazi, bila kitu katikati. Kiingereza husema “wait for the bus”, “listen to the radio”, “look for a job”. Kiambishi cha mtendwa nacho huleta shida yake: kwa kuwa “nieleze” na “niambie” zinafanana kwa umbo, wengi huandika “explain me”. Sahihi ni “explain it to me”, ingawa ni “tell me”. Hapo hakuna kanuni ya kukuokoa, ni kukariri kitenzi pamoja na kihusishi chake, kama unavyokariri nomino pamoja na ngeli yake.

Katika mialiko ya vikao napata shida na “in”, “on” na “at”. Naomba njia rahisi.
*Katibu muhtasi, Dodoma*

Kwa wakati, panga kutoka padogo kwenda pakubwa. Saa huchukua “at”, siku na tarehe huchukua “on”, mwezi na mwaka huchukua “in”. Tanganyika ilipata uhuru “on 9 December 1961”. Ukiondoa siku inakuwa “in December 1961”. Sehemu za siku ni “in the morning”, “in the afternoon”, “in the evening”, lakini “at night”. Na ukitaja siku yenyewe, “on” inashinda: “on Monday morning”. Mbele ya “next”, “last”, “this” na “every” usiweke kitu: “next Monday”, si “on next Monday”.

Kwa mahali, kiambishi chetu -ni ndicho kinachokuchanganya, maana ukumbini, mezani na mlangoni vyote vina mkia mmoja. Tazama kinachofuata badala yake. Mezani mna barua, yaani ndani ya mtoto wa meza, ni “in”. Mezani pana barua, iko juu inaonekana, ni “on”. “At” ni nukta tu kwenye ramani, mahali watu wanapokutana, iwe ndani au nje: “at the door”, “at the bus stop”. Kwa hiyo “at the office” inataja kituo cha kazi, “in the office” inasema mtu yuko ndani ya chumba.

Mkutano wa Jumatatu saa nne asubuhi utauandika hivi: “The meeting will be held in the main hall at 10 a.m. on Monday, 4 May.” Angalia na saa: nne yetu ni kumi yao.

Naandika barua ya kuomba kazi nyingine huku Uarabuni. Sina uhakika wa vihusishi vinavyokwenda na “work” na “apply”.
*Fundi umeme, Muscat*

Ndugu, “apply” ina viwili: “apply to a company” kwa unayemwomba, na “apply for a job” kwa unachokiomba. “Work” ina zaidi, na vyote vinaweza kukaa katika sentensi moja: “I work as an electrician for a hotel company, at its Muscat branch, in the maintenance department, on a two-year contract.” Ibadilishe kulingana na hali yako, lakini usiguse vihusishi.

Andika “I arrived in Oman” kwa nchi au mji na “at the airport” kwa kituo. “Arrive to” haipo. Ujuzi ni “experience in wiring”, cheo ni “in charge of five workers”, na ukiwa likizo uko “on leave”. Safari kazini ni “by bus” bila “the” wala “my”. Ukisema gari ni lako, badilisha iwe “in my car”. Na tarehe ya kuanza iandike “available from 1 July”, si “since”: “since” hutazama nyuma, mahali kitu kilipoanzia, na Julai yako bado haijafika.